Muulize Fundi: Nusu inchi isiyopimika nusu inchi

Barua za mwezi huu zimenijia kwa kilio kinachofanana: kitu hakiingii, au kimeingia vizuri lakini kinavuja. Nimezisoma zote nikiwa na kalipa yangu, kile kifaa cha kupimia upana na unene, mezani, kwa sababu nyingine ilibidi nipime kwanza ndipo nijibu. Neno moja kabla hatujaanza. Ile mistari iliyochongwa kuzunguka ncha ya bomba mafundi wengi tunaiita thredi, na Kiswahili kina neno lake, hesi. Nitatumia hesi. Pete ndogo inayobanwa ndani ya fitingi ya kubana, ambayo wengine huiita olivi, nitaiita pete tu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miezi mitano tangu nianze kujifunza ufundi bomba. Mwalimu alinituma stoo nilete bomba la chuma la nusu inchi. Nilijua inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nikatafuta bomba la milimita 12.7. Nilipima kila lililokuwamo, nje na ndani, sikulipata. Nikarudi mikono mitupu na wenzangu wakanicheka. Hiyo nusu inchi iko wapi kwenye bomba la nusu inchi? – Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Ulifanya sawasawa. Kati yako na waliokucheka, wewe ndiye uliyepima.

Nusu inchi ni jina la bomba. Kuna watu wengi wanaoitwa Juma ambao hawakuzaliwa Ijumaa. Jina lilikuwa na sababu yake siku lilipoanza, halafu likaendelea kurithiwa. Mabomba ya chuma nayo ni hivyo. Hapo zamani bomba liliitwa kwa upana wa tundu lake, na bomba la nusu inchi lilikuwa na tundu linalokaribia nusu inchi kweli, likazungukwa na ukuta mnene wa chuma kwa sababu chuma cha wakati ule hakikuaminika. Baadaye chuma kikawa bora na ukuta ukaweza kupunguzwa. Sasa jiulize, ungeupunguza kutoka upande gani? Ukipunguza nje, kila soketi, kila kona, kila tii na kila mashine ya kukatia hesi iliyokwisha kutengenezwa inakuwa takataka. Kwa hiyo nje iliachwa kama ilivyo na tundu likapanuliwa. Jina likabaki.

Ndiyo maana bomba la chuma la nusu inchi lina milimita 21.3 kwa nje, na hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni ukuta. Lile la skedyuli 40 (skedyuli ni daraja la unene wa ukuta) lina ukuta wa milimita 2.77, hivyo tundu lake ni milimita 15.8. La skedyuli 80 lina ukuta wa milimita 3.73 na tundu la milimita 13.9. Yote mawili yanaingia kwenye soketi ileile, na yote mawili ni "nusu inchi". Robo tatu kwa nje hukaribia milimita 27, inchi moja ni kama 33.5, na inchi mbili ni 60.3. Utakutana pia na herufi DN: DN 15 ndiyo nusu inchi, DN 20 robo tatu, DN 25 inchi moja, DN 50 inchi mbili. Usidhani umepata kipimo halisi kwa kuwa umeona namba ya milimita. DN 15 nayo ni jina, na hutapata milimita 15 popote kwenye bomba hilo. Katika viwango vya Marekani, jina na kipimo cha nje hukutana bomba linapofika inchi 14. Kutoka hapo kwenda juu inchi 14 ni inchi 14 kweli.

Ukishazoea hilo, utashika bomba la shaba na mambo yatageuka. Bomba la shaba la milimita 15 la kiwango cha Ulaya, EN 1057, lina milimita 15 kwa nje, kweli kabisa, na la 22 lina 22. Ukuta ukiwa wa milimita 0.7, tundu la lile la 15 ni milimita 13.6. Lakini bomba la shaba la Marekani linaloitwa nusu inchi lina inchi tano ya nane kwa nje, yaani milimita 15.9, maana kule shaba ya mabomba ya maji huzidi jina lake kwa thumni ya inchi. Sasa mtu ana pete ya 15 mkononi na bomba la 15.9, anaona zinakaribiana, anachukua nyundo. Nimemwona mtu akifanya hivyo. Pete ilipasuka upande mmoja na alikwisha kuifunika na nati, kwa hiyo hakuna aliyejua mpaka maji yalipofunguliwa.

Ukitumwa tena stoo, uliza mambo mawili: bomba la nini, na jina hilo linahesabiwa kwa nje au ni jina la kurithi. Na kama huna kalipa, beba kipande cha uzi. Kizungushe kwenye bomba mara moja, kinyooshe kwenye rula, gawanya kwa 3.14. Ukipata milimita 67, bomba lako lina karibu 21.3 kwa nje, na hilo ndilo mwalimu wako alilotaka.

SWALI: Fundi, nimefunga koki chini ya sinki kwa fitingi ya kubana, bomba ni la shaba milimita 15. Nilizungusha tepu nyeupe ya kutosha kwenye hesi ya nati nikakaza kwa nguvu zote. Ikavuja. Nikafungua, nikaongeza tepu, nikakaza zaidi kwa spana ndefu. Sasa inavuja kuliko mwanzo. Je, hii tepu ni bandia? – Baba mwenye ndoo chini ya sinki

Baba, tepu yako huenda ni nzuri tu. Uliiweka mahali ambapo maji hayatakiwi kufika kabisa.

Chukua fitingi hiyo uiweke mezani tuitazame pamoja. Ina vitu vitatu: mwili, nati na pete. Tazama mdomo wa mwili, utaona umechongwa ndani kwa mshazari kama faneli. Tazama ndani ya nati, nayo ina mshazari. Pete inakaa katikati ya mishazari hiyo miwili, imevaa bomba. Ukikaza nati, pete inasukumwa kutoka pande zote mbili, haina pa kukimbilia isipokuwa kuingia ndani, basi inalikumbatia bomba. Maji yanazuiwa mahali pawili tu: pete inapogusa bomba, na pete inapogusa mdomo wa mwili. Hesi ya nati kazi yake ni kusukuma. Fitingi ikiwa nzima, hesi hiyo ni kavu miaka yote.

Ukiijaza tepu, nati inazunguka kwa shida, na mkono wako unadhani pete imekwisha kubana kumbe ni tepu inayokwama. Hilo ndilo lililokupata mara ya kwanza. La mara ya pili ni baya zaidi. Ukikaza kupita kiasi, pete inazama kwenye shaba na bomba linafanya kiuno. Shaba ya bomba ikishaporomoka kwa ndani haiisukumi tena pete, na pale palipokuwa na mbano panabaki nafasi. Ndiyo sababu kila ulipoongeza nguvu maji nayo yaliongezeka.

Bomba hilo kwa sasa limeharibika pale penye pete. Likate nyuma ya kiuno, uanze na pete mpya. Tumia kikata bomba cha gurudumu, kwa kuwa msumeno wa chuma hukata upande na kuacha vinyweleo. Ncha iwe mraba. Ondoa makali ya ndani na ya nje, na pitisha kidole sentimita tatu za mwisho za bomba: pasiwe na mkwaruzo wa urefu, kwa sababu mkwaruzo wa urefu ni mfereji unaopita chini ya pete. Vika nati kwanza, kisha pete. Ingiza bomba mpaka ligonge ngazi iliyomo ndani ya mwili, ulishikilie hapohapo huku ukikaza nati kwa vidole mpaka ikatae. Sasa chora alama kwa kalamu kwenye nati na kwenye mwili. Shika mwili kwa spana moja, nati kwa nyingine. Kwa bomba la 15, mzunguko mmoja kamili unatosha kwa kawaida. Kwa la 22, robo tatu ya mzunguko hadi mmoja. Fungua maji. Ukiona tone, ongeza kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, ufute, usubiri. Ukipenda kupaka mafuta kidogo ya silikoni kwenye pete ili iteleze vizuri, paka. Sikatazi.

Nasisitiza bomba kugonga ngazi kwa sababu ninayo kumbukumbu yake. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilifunga fitingi juu ya dari, nimenyoosha mikono, sioni ninachofanya. Nilidhani bomba limeingia lote. Lilikuwa limeingia kiasi cha kufikiwa na pete tu. Nilifungua maji, hakuna tone, nikaondoka nimeridhika. Usiku ule presha ilipopanda bomba lilichomoka, na asubuhi mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinionyesha vitanda vya wajukuu wake vilivyolowa. Hakunigombeza. Tangu siku hiyo, kabla ya kufunga fitingi yoyote, naingiza bomba kwenye mwili mtupu mpaka ligonge, napiga mstari wa penseli pale mdomoni, ndipo natoa na kuanza kuvika nati na pete. Kila bomba ninaloacha nyuma yangu lina mstari wa penseli.

Jambo la mwisho kwako, Baba, na nadhani ndilo lililokupotosha. Koki nyingi za chini ya sinki zina ncha mbili za tabia tofauti. Kwenye boksi huandikwa 15 kwa nusu inchi: ncha ya 15 ni ya kubana, haitaki tepu, ncha ya nusu inchi ni ya hesi, na ikiwa ni hesi ya kuchongoka, yaani inayopungua upana kuelekea nchani, hiyo ndiyo inayodai tepu. Uliiona tepu kwenye ncha moja ya kazi ya mtu, ukadhani ni ya ncha zote.

SWALI: Nimeletewa kichujio cha maji kilichotengenezwa Marekani, kimeandikwa nusu inchi. Soketi niliyonayo pia ni nusu inchi. Vinaingiana mizunguko mitatu vizuri, halafu vinakaza. Nimefunga tepu nene lakini hesi bado inatoka jasho. Mbona nusu inchi na nusu inchi hazipatani? – Mpenda maji safi

Kwa sababu umeoanisha koo mbili. Kuna ukoo wa Uingereza, BSP, na ukoo wa Marekani, NPT, na katika saizi ya nusu inchi zinafanana kiasi cha kumdanganya hata fundi mzoefu.

Wa Uingereza ulitokana na Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza hesi yenye pembe ya digrii 55 kati ya meno, na vilele vilivyoviringwa. Wa Marekani unafuata umbo la William Sellers wa Philadelphia, aliyependekeza mwaka 1864 pembe ya digrii 60 na vilele vilivyokatwa bapa. Hesi ya mabomba ya Marekani yenyewe ilipangwa na Robert Briggs, wa mji huohuo, na mwaka 1886 ikakubaliwa kuwa kiwango. Tangu hapo koo hizi mbili zinaishi dunia moja bila kuoana.

Hesabu meno katika inchi moja, yaani milimita 25.4. Robo inchi ya BSP ina meno 19, ya NPT ina 18. Inchi moja ya BSP ina meno 11, ya NPT 11 na nusu. Hizo zinagomba mapema, mzunguko wa pili tu mkono unajua. Lakini nusu inchi ni meno 14 kwa zote mbili, na robo tatu pia ni 14 kwa zote mbili. Ndiyo sababu kichujio chako kiliingia kwa upole. Umbali wa meno unalingana, ila pembe hazilingani na unene haulingani: hesi ya BSP ya nusu inchi ina kipenyo cha milimita 20.955, wakati ya NPT inachongwa kwenye bomba la 21.3. Meno yanagusana kwa mistari myembamba, na kati yake kunabaki njia inayozunguka kama ngazi ya mnara kutoka ndani mpaka nje. Tepu inaiziba kwa siku kadhaa, kisha maji yanaipata tena.

Usiongeze tepu. Tafuta adapta yenye NPT upande mmoja na BSP upande wa pili. Na kama msomaji mwingine yuko kwenye hali hii kwa bomba la gesi, namwomba afunge gesi kwanza ndipo aendelee kusoma. Kwenye maji, kosa hili ni ndoo na kitambaa. Kwenye gesi sikubali hata kulijadili.

Ukishajua ukoo, uliza swali la pili: hesi ni ya kuchongoka au iliyonyooka? Ya kuchongoka hupungua kipenyo kuelekea nchani, milimita moja kwa kila milimita 16 za urefu, kwa BSP na NPT vilevile. Ukiikaza inakuwa kama kizibo, na maji huzuiwa palepale kwenye meno, kwa msaada wa tepu au katani. Iliyonyooka haipungui, na ikikutana na iliyonyooka mwenzake, hata ukaze namna gani meno hayazuii maji. Inategemea kiduara bapa kinachoitwa washa, au pete ya mpira, kule mwisho. Kwenye BSP herufi zinakusaidia. G ni iliyonyooka, na kiwango chake ni ISO 228. R ni ya kuchongoka ya nje, Rc ya kuchongoka ya ndani, Rp ya ndani iliyonyooka inayopokea R, na hizo ni za ISO 7. Kwa hiyo ukiona G kwenye nati ya bomba la kunyumbulika la sinki, achana na tepu utafute washa. Hapo ndipo panapovuja asilimia kubwa ya kazi ninazoitiwa: mtu ametumia tepu nzima, na washa imebaki ndani ya kifuko kilichotupwa.

Ninayo kadi ya chuma yenye majani kama ya kisu cha kukunja, kila jani lina meno ya aina moja. Nalaza jani kwenye hesi, naelekeza kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati yake, nabadilisha jani. Ni kifaa kidogo kuliko kiganja, na nakipenda kuliko spana zangu zote.

SWALI: Katani au tepu? Na inazungushwa upande gani? – Fundi mwenzako

Vyote viwili vinafaa kwenye hesi ya kuchongoka. Kwa hesi za chuma zilizochongwa kwa mikono, zenye meno mabaya, naamini katani na mafuta yake ya kuungia, kwa sababu katani ikilowa huvimba. Pia inakuruhusu kurudisha kona nyuma kidogo ili ielekee unakotaka. Tepu haisamehe: ukirudisha nyuma hata kidogo, fungua ufunge upya. Kwa brasi iliyochongwa vizuri kiwandani natumia tepu. Kwa soketi ya plastiki, tepu tu tena kwa mkono mwepesi, kwani hesi ya kuchongoka ni kabari, na kabari hupasua.

Upande: elekeza ncha ya bomba usoni kwako, zungusha tepu mshale wa saa unakokwenda. Hapo soketi ikiingia inaivuta tepu ikaze zaidi. Ukizungusha kinyume, inaibandua.

SWALI: Nyumba yetu ilikuwa na mabomba ya chuma ya robo tatu yaliyokula kutu. Fundi akayatoa na kuweka ya plastiki ya kuchomelea, PPR, ya milimita 25, akisema 25 ndiyo robo tatu. Sasa bafu la juu maji yanatoka kinyonge. Tangi ni lilelile, pampu ni ileile. Tumepunjwa? – Dada mkubwa

Dada, fundi wenu amesema jambo ambalo wengi wanalisema, na kwenye jedwali la majina hajakosea. Tatizo limeingia pale jina lilipochukuliwa badala ya tundu.

Bomba la plastiki huitwa kwa kipenyo chake cha nje, na ukuta unakatwa kutoka ndani ya namba hiyo. Bomba la PPR la 25 la daraja la presha la PN 20 lina ukuta wa milimita 4.2. Toa ukuta wa pande mbili, unabaki na tundu la milimita 16.6. Bomba la chuma la robo tatu, skedyuli 40, lina tundu la karibu milimita 20.9. Ukihesabu eneo la tundu, la zamani lilikuwa na milimita za mraba 343, jipya lina 216. Mmepoteza zaidi ya theluthi moja ya mlango wa maji.

Na maji hayalalamiki kwa eneo tu. Msuguano ndani ya bomba, kwa kiasi kilekile cha maji kwa dakika, hupanda takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo kinapopungua. Gawanya 20.9 kwa 16.6, unapata kama 1.26; andika namba hiyo mara tano na uzidishe zote pamoja, unapata kama 3. Plastiki ni laini kwa ndani kuliko chuma, kwa hiyo hali halisi si mbaya kiasi hicho, lakini si ndogo, na presha iliyoliwa njiani haifiki juu. Kwenye bafu la chini hamkuhisi kwa sababu presha ilikuwapo ya ziada. Juu haikuwapo.

Bomba la PPR ambalo tundu lake linalingana na lile la chuma la robo tatu ni la 32: ukuta milimita 5.4, tundu 21.2. Hamna haja ya kubomoa kila kitu. Badilisheni bomba kuu linalopanda kutoka kwenye pampu au tangi mpaka juu liwe la 32, na matawi mafupi ya kwenda kwenye koki mojamoja yabaki ya 25 au hata 20. Njia ndefu inayobebwa na wote ndiyo yenye njaa. Angalieni pia kona: kwenye PPR, mchomeleaji akisukuma bomba kupita kiasi likiwa la moto, plastiki huvimba ndani na kubana tundu, na hamtaona chochote kwa nje. Mwombeni akate kona moja au mbili kati ya anazozitoa, mzitazame ndani kwa macho yenu.

Wenye mabomba meusi ya poli yanayolazwa ardhini nao wasidhani 25 yao ina tundu sawa na hiyo. Hesabu yake hufuata SDR, ambayo ni kipenyo cha nje ukigawanya kwa ukuta. Poli ya 32 ya SDR 11 ina ukuta wa karibu milimita 3 na tundu la karibu 26, ndiyo maana watu huiita inchi moja na hawako mbali. PPR ya 32, kwa nje ni ileile, ndani ni robo tatu. Na fitingi za kubana za poli si kama ile ya Baba mwenye ndoo: maji huzuiwa na pete ya mpira, na bomba hushikwa na pete ya plastiki yenye meno iliyopasuliwa upande mmoja. Ncha ya bomba lazima ichongwe mshazari na kulainishwa, la sivyo inaukunja mpira wakati wa kuingia. Nati zake hukazwa kwa mkono na spana ya mkanda, bila tepu hata kidogo.

SWALI: Pete iliyowahi kubanwa inaweza kutumika tena? Na nati ya kampuni moja kwenye mwili wa kampuni nyingine? – Mtunza stoo

Pete ikibaki kwenye bomba lake na kurudi kwenye mwili uleule, ndiyo, mara nyingi inakubali. Umeshaitengenezea kitanda chake. Kaza mpaka pale alama ya zamani ilipokuwa, kisha ongeza kidogo. Pete iliyovuliwa bomba moja kwenda bomba jingine, hapana.

Kuchanganya kampuni nakukataza. Hesi za nati zinaweza kuingiana, lakini mshazari wa nati, umbo la pete na mdomo wa mwili vimechongwa vikijuana. Kwenye fitingi zenye pete mbili, zile za mitambo ya presha kubwa, kuchanganya ni hatari hasa, na hapo hukazi kwa kukisia: kwa bomba la robo inchi na zaidi, aina nyingi hutaka mzunguko mmoja na robo baada ya vidole, na kipimo cha pengo huthibitisha.

Kuvua pete ya zamani, katika bomba unalotaka kulihifadhi: ikate kwa msumeno mwembamba kwa mshazari, usifike mwisho wa unene wake. Acha kama unene wa karatasi mbili. Ingiza bisibisi bapa kwenye mkato na uizungushe. Pete itapasuka yenyewe palipobaki. Kisha pitisha ukucha pale ulipokatia. Ukucha ukikwama, msumeno umefika kwenye bomba, kata bomba hapo na uanze sentimita mbili nyuma.